Nembo Isiyo na Mgonjwa

Tusimpambe Silvère Mutsinzi. Nembo ya ndege aliichora bure, hilo ni kweli na watu wa mtaa wa Nyamirambo, Kigali, wanalijua, lakini hakuichora kwa wema wa moyo. Aliichora kwa ajili ya dada yake. Siku Bwana Karangwa alipokuja kumwomba, wakiwa wamesimama mbele ya kibanda chake cha rangi, Silvère alimwambia pale pale bila kuzunguka: mimi nawachorea, na nyinyi, siku dada yangu Épiphanie atakaposhikwa na uchungu, mnakwenda kumchukua kwa ndege. Karangwa akacheka akidhani anataniwa. Silvère akanyoosha mkono wake wenye madoa ya kijani na kuushikilia hewani mpaka mwenzake, mtu wa wizara, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, akaona hana budi kuupokea.

"Nimekubali," Karangwa akasema. "Ila mwombe Mungu asishikwe siku ya mvua."

Kikosi chenyewe kilikuwa na jina kubwa kuliko mwili. Kiliitwa Mabawa ya Kujitolea, na Karangwa, mwenyekiti wake, alipenda kulitamka neno "kikosi" kana kwamba pale uwanja wa Kanombe kuna ndege zimepanga foleni zikimsubiri. Ndege ilikuwa moja. Kuukuu, ya viti vichache, waliyoachiwa na kampuni fulani ya chai iliyofunga virago. Aliyeirusha ni Viateur, rubani wa kazi, katika siku zake za mapumziko. Aliyeifanya iendelee kuruka ni Twahiru, fundi wa Biryogo, mtu mcheshi ambaye hakuamini chombo chochote asichokifungua mwenyewe kwa spana. Walipeleka dawa milimani, na wakirudi walibeba wagonjwa ambao barabara ingewaua kabla ya ugonjwa. Hakuna aliyelipwa. Hilo nalo tuliseme, maana miaka ile mtu akitenda jema, watu walitafuta kwanza nani kamtuma.

Épiphanie aliishi Nyarusange, mlima mmoja wa upande wa Kibuye, alikoolewa na mkulima aitwaye Damascène. Mimba yake ya kwanza ilimwendea vibaya. Uchungu ulipokwama, majirani walimtia kwenye ingobyi. Ingobyi, kwa asiyeijua, ni machela ya kusukwa, ndefu kama kitanda, yenye miti miwili ya kuwekwa mabegani. Kila kitongoji cha mlimani kina yake, na kila nyumba hutoa mabega: akiugua jirani, mwanamume mzima anatupa jembe anakwenda kubeba, na asiyekwenda hasalimiwi. Wakambeba Épiphanie kwa zamu, wakishuka bonde na kupanda jingine, mvua ikiwachapa, na walipofika hospitali mama alikuwa hai, mtoto hakuwa hai. Daktari akamwambia Damascène kwamba nyonga za mkewe ni nyembamba. Mimba nyingine ikija, huyu apasuliwe, na afikishwe mapema.

Sasa mimba nyingine ilikuwa imekuja. Silvère alitaka dada yake ahamie Kigali kabla ya miezi kutimia, akae kwake, awe karibu na madaktari. Épiphanie akapanda basi. Lakini huo ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, vita viko kaskazini, na barabarani kumejaa vizuizi, vingine vya askari, vingine vya vijana wenye rungu na kofia za chama. Kwenye kizuizi cha pili walimshusha. Kitambulisho chake hakikuwa na kasoro. Kilikuwa na neno lilelile la kabila lililo kwenye cha Silvère, maana walizaliwa kwa baba mmoja na mama mmoja. Ila Épiphanie alichukua pua ya baba, ndefu na nyembamba, na Silvère akachukua ya mama, pana. Miaka ile pua ilisomwa kabla ya karatasi. Wakasema kitambulisho ni cha kughushi, wakamweka juani kutwa nzima na tumbo lake, jioni wakamwambia arudi alikotoka. Silvère, ambaye alipita vizuizi hivyo hivyo mara ngapi sijui na hajawahi kuulizwa hata jina la babu yake, alipopata habari hiyo aliweka brashi chini akakaa juu ya ndoo ya rangi. Ndiyo maana alikuwa anaitaka ndege. Njia nyingine hakuwa nayo.

Basi akaanza kuichora nembo.

Kuchora Kigali wakati ule kulikuwa kazi ya kutembea juu ya mayai. Vyama vilikuwa vimechipuka kila mahali, na kila chama kina rangi zake, na kila mwenye macho amegeuka mpelelezi wa rangi. Kuna saluni moja ya Kimisagara ilimrudisha Silvère abadilishe rangi ya taulo alilomchorea mteja shingoni, kwa sababu wapita njia walikuwa wanamsalimia mwenye saluni kwa salamu ya chama ambacho si chake. Akaipaka rangi nyingine; wakaja watu wa chama kingine. Mwisho akamfuta mteja na taulo lake, akabakiza mkasi.

Walikutana nyumbani kwa Karangwa, Kicukiro, Jumapili baada ya misa, Karangwa na Viateur na bia zao, Twahiru na Fanta yake. Silvère akaweka mezani mchoro wa kwanza: umusambi, korongo mwenye taji, amekunjua mabawa. Ulikuwa mzuri. Wote walikubali kwamba ni mzuri, na kwa namna walivyokubali haraka akajua umekataliwa.

"Umusambi ni ndege wa ukoo wa wafalme," Karangwa akasema. "Tukiuweka mlangoni, watasema tunamrudisha mfalme kwa ndege."

Akatoa wa pili: tai.

"Huyu iko ya jeshi, huyu," Twahiru akasema. "Tukitua na huyu, wagonjwa watapona wenyewe, kila mtu atakimbia porini."

Wakaja kwenye rangi. Nyekundu ina wenyewe. Kijani ina wenyewe. Nyeusi ikiwa peke yake haina neno, ikikaa karibu na nyekundu ina neno kubwa. Wakabaki na nyeupe na udongo, ile kahawia ya ardhi yetu, na Viateur akasema angalau udongo haujasajiliwa chama. Ndipo Silvère, ambaye alikuwa ameuweka wa tatu chini ya mapaja kwa haya, akautoa. Ulikuwa ni bawa moja refu jeupe, na chini ya bawa wanaume wanne wakitembea, ingobyi mabegani.

Karangwa alivua miwani. Yeye mwenyewe alibebwa namna hiyo utotoni, kwa homa ya uti wa mgongo, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote wizarani. Viateur alikuwa amembeba bibi yake. Hata Twahiru, mtoto wa mjini, alijua uzito wa ile miti begani. Hakuna chama kilichokuwa na ingobyi. Kabla ya ndege, kabla ya barabara, kikosi cha kujitolea cha nchi hii kilikuwa ni hicho, mabega ya jirani. Silvère aliwaona wameguswa, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu habari ya kizuizini.

Kisha Karangwa akavaa miwani tena.

"Na ndani yake," akasema, "atalala nani?"

"Mgonjwa."

"Mgonjwa ana kichwa. Kichwa kina uso. Na uso, ndugu zangu, una pua."

Hakuna aliyecheka. Suala la wabebaji Silvère alikuwa amekwisha limaliza kwa ujanja, amewachora kwa mgongo ili wasiwe na sura. Lakini mtu aliyelala chali hana pa kuuficha uso. Twahiru akapendekeza afunikwe blanketi mpaka juu. Viateur akamwambia aliyefunikwa mpaka juu ni maiti, na yeye harushi ndege yenye maiti mlangoni. Wakajaribu mwanamke, wakauliza mrefu au mfupi. Wakajaribu mtoto, mtoto wa nani? Waliendelea hivyo mpaka bia zikapata moto. Silvère alikuwa anamwona dada yake wazi kabisa kwenye ile ingobyi, na hakumtaja, kwa sababu alijua pua ya dada ingesemwa nini mezani pale.

"Tuiache tupu," Karangwa akasema mwishowe. "Ingobyi tupu ni ya kila mtu. Yeyote anaweza kulala humo."

Ulikuwa usemi mtamu. Ulikuwa mtamu kiasi kwamba Viateur aliurudia, na Twahiru akapiga paja. Mimi simlaumu Karangwa. Mtu wa ofisi kazi yake ni kutafuta maneno ambayo hayamkeri yeyote. Namlaumu Silvère, ambaye ana macho ya mchoraji, aliyetazama machela isiyo na mtu na naye akaona ni neema. Alifurahi. Alikwenda Kanombe akaichora mlangoni kwa mkono wa polepole, bawa jeupe, migongo minne ya kahawia, hatua za heshima, ingobyi tupu imenyooka juu yao, na walipomaliza walipiga picha mbele yake. Mabaki ya rangi Twahiru aliyatia kwenye vikopo, akayachanganya na petroli kidogo ili yakauke upesi, akaviweka chini ya kiti cha nyuma. Viwanja vya nyasi vina mawe, alisema, na kila kutua kutaidonoa hiyo sanaa yenu.

Wito ulikuja asubuhi moja yenye mawingu. Karani wa kiwanda cha chai kilicho jirani na Nyarusange aliita Kigali kwa redio: mke wa Damascène ameanza, na wanambeba kumleta kiwanjani, kwenye nyasi ambako ndege hutua. Karangwa, tumpe haki yake, hakusita. Alimtafuta Viateur kwa simu nyumba kwa nyumba mpaka akampata kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Silvère akapanda naye kwa sababu Épiphanie alikuwa amesema haingii kwenye chombo kile bila mtu wa kwao ndani. Njia nzima Silvère hakutazama nje. Alikuwa anapiga hesabu ya mabonde ambayo wabebaji wanayavuka huko chini kwa miguu, na kumwomba kila mtakatifu aliyemkumbuka.

Walipotua, watu walikuwa wamekwisha fika, wamesimama ukingoni mwa nyasi. Ingobyi ilikuwa bado mabegani. Mbele alikuwa Nsabimana, mkuu wa wabebaji wa kile kitongoji, mtu wa makamo mwenye bega moja lililoshuka kwa kazi hiyo. Viateur alifungua mlango na kuuegemeza nyuma ili mgonjwa aingizwe, na kwa kufanya hivyo akawageuzia nembo usoni. Wabebaji wakaja kwa mwendo wa haraka mpaka zikabaki hatua chache. Kisha Nsabimana akasimama, na wenzake wote wakasimama.

"Mwingizeni," Viateur akasema. "Mawingu yanashuka."

Nsabimana alikuwa anatazama mlango. Akasema kitu kwa sauti ndogo kwa wa nyuma yake, na wa nyuma yake wakakiona pia. Damascène, aliyekuwa amemshika mkewe mkono, akainua uso, akaona, na akajitia kati ya ingobyi na ndege.

"Mke wangu haingii humo," akasema.

Silvère alidhani amesikia vibaya. Akashuka, akamshika shemeji yake bega, akamwambia ni yeye, ni Silvère, hii ndiyo ndege waliyozungumza. Kutoka kwenye ingobyi ilitoka sauti ya Épiphanie, si neno, ni ile sauti ya mtu anayeuma meno.

"Ni nani aliyechora kile?" Nsabimana akauliza.

"Mimi."

"Umewahi kubeba?"

"Mara nyingi."

"Basi uliwahi kubeba bila kutazama," Nsabimana akasema, wala hakuwa na ukali. "Ingobyi tupu inaonekana na watu mara mbili tu. Inapokwenda kumchukua mgonjwa, na hapo waliobeba wanakimbia. Na inaporudi bila yeye. Hawa wako hawakimbii. Wanatembea, wametugeuzia mgongo, wanakwenda kwao. Mtu wao wamekwisha mwacha."

Silvère akageuka akaitazama kazi yake. Tangu aichore alikuwa ameiona kama nembo, na sasa kwa mara ya kwanza akaiona kama kitu kinachotokea njiani. Ilikuwa hivyo hasa. Ilikuwa ni mazishi yanayorudi nyumbani, safi, yamechorwa kwa ustadi, na ile hatua ya heshima aliyoisumbukia siku nzima ilikuwa ni hatua ya watu ambao hawana tena cha kuwahi. Na hawa waliosimama mbele yake ndio waliorudi hivyo mara ya kwanza, kwa mvua, baada ya kumzika mtoto wa Épiphanie kule hospitali. Hawakuhitaji kuelezwa mchoro.

"Ni picha tu," Viateur akasema. "Jamani, mama anakufa, hii ni picha tu."

"Ingekuwa ni picha tu msingeiweka," Damascène akamjibu.

Na kweli, Jumapili ile Kicukiro waliikalia ile picha tu kutoka mchana mpaka jioni. Silvère hakungoja neno jingine. Alipanda ndani, akavuta vikopo vya Twahiru chini ya kiti, akavifungua kwa meno ya ufunguo wa Viateur, akapiga magoti mbele ya mlango. Kwanza akatia blanketi, kwa kahawia iliyokolezwa. Kisha magoti yaliyoinuka chini ya blanketi. Kisha kichwa.

"Kiinue zaidi," Nsabimana akasema nyuma yake. "Mgonjwa aliye hai anatazama anakokwenda."

Akakiinua. Akakifunga kitambaa cheupe kama kile Épiphanie alichojifunga. Akatia macho, yakiwa wazi, yanatazama mbele juu ya vichwa vya wabebaji. Akatia pua na mdomo kwa mapigo matatu manne ya brashi, akarudi nyuma, akasema, "Huyo hapo. Ni Épiphanie. Wanampeleka, hawajafika bado."

Nsabimana alisogea karibu. Alitazama, midomo yake ikichezacheza kama ya mtu anayehesabu watu nyumbani mwake jioni.

"Sasa yumo," akasema. "Haya, mwingizeni."

Wakamwingiza, Damascène akapanda nyuma yake. Viateur alipaisha ndege huku mawingu yakiwa yameshika kilele cha mlima, na Silvère alikaa sakafuni, kichwa cha dada yake mapajani, akimwambia mambo ya kipuuzi, habari za saluni na taulo na mkasi. Alipofikishwa hospitali kuu walimwingiza moja kwa moja chumba cha upasuaji. Silvère alisimama nje kwenye veranda, na alipotoka muuguzi akamwambia ni msichana na wote wawili ni wazima, mtu huyu ambaye alikuwa hajalia kwa habari ya kizuizini wala pale kiwanjani, alikaa chini pale pale kwenye saruji akalia kwa sauti, na wala hakuona haya.

Kesho yake Karangwa alikuja Kanombe kuona nini kimefanywa kwa nembo yake bila kikao. Silvère alijiandaa kugombana. Karangwa akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akausogelea ule uso mpaka pumzi yake ikauchafua.

"Mbona vizuri," akasema. "Vizuri kabisa, Silvère. Huyu anaweza kuwa mtu yeyote."

Twahiru naye akasema iko sawa, na rangi imeshika, petroli imefanya kazi yake. Wote walikuwa na furaha. Silvère alishukuru kwa sifa ile. Siku zilizofuata, akiwa juu ya ngazi anachora ubao wa duka Nyabugogo, makuli wakipiga kelele chini yake, ilimjia tena na tena na hakujua inamuudhi kwa nini.

Épiphanie alipopata nafuu hakutaka kukaa mjini hata siku ya ziada. Viateur alikuwa na dawa za kupeleka upande ule, basi ikapangwa warudi naye. Asubuhi hiyo alifika Kanombe akitembea polepole, mtoto mgongoni, mkono mmoja tumboni palipo na kidonda, Silvère akimbebea mfuko. Kule wodini Damascène, kabla ya kutangulia nyumbani, alikuwa amemsimulia habari za mlango, maana Épiphanie mwenyewe siku ile hakuona kitu zaidi ya uchungu wake. Akaenda moja kwa moja kuutazama.

"Ndiye mimi huyu?"

"Ndiye wewe, dada."

Alitazama. Alikuwa dada mkubwa, aliyembeba Silvère mgongoni miaka yote ambayo mama yao alikuwa shambani.

"Kitambaa ni changu," akasema. "Blanketi ni la Damascène. Mwanamke simjui."

"Nilikuwa na haraka. Halafu rangi ilikuwa mbichi, tukaruka, upepo ukaivuta."

Épiphanie akapitisha kidole juu ya pua ya yule mwanamke. Rangi ilikuwa kavu, kingo zake safi, pigo la brashi linaonekana lilikoanzia na lilikoishia. Ilikuwa pua pana, nzuri, ya mama yao.

"Upepo umeninyang'anya pua ya baba," akasema, "na macho haukuyagusa."

Sasa ndipo Silvère alipojua. Dada yake alikuwa amelala karibu naye kiasi cha kumgusa siku ile, na kumchora alimchora bila kugeuza shingo kumtazama. Hakuna aliyemwamuru. Karangwa hakuwepo, askari hawakuwepo, kulikuwa na majirani tu waliotaka kumwona yuko hai. Mkono wake wenyewe ndio uliokuwa umekaa kizuizini, ukamshusha Épiphanie, ukampandisha mwingine.

"Niliwaza barabara," akasema. "Niliwaza watakaoiona. Nilitaka upite."

"Nipite mimi au apite huyu?"

Silvère akauweka mfuko chini.

"Huyu atapita, namwona," Épiphanie akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Silvère zaidi. "Atapita kila mahali. Mimi nitakuwa bado nimekaa kando ya barabara pale pale waliponiweka, na safari hii ni wewe uliyeniacha."

Viateur alikuwa amefika na karatasi zake za safari. Akasikia, akageuka, akajifanya anakagua gurudumu. Twahiru, ambaye kwa kawaida hakosi la kusema, aliingia ndani ya ndege akatoka na vile vikopo, akaviweka chini kimoja kimoja, akaenda zake.

"Karangwa atapandisha mori," Silvère akasema.

"Kwani Karangwa ndiye aliyenibeba?"

Akavuta sanduku tupu la dawa, akakaa juu yake taratibu kwa sababu ya kidonda, akamgeuza mtoto kutoka mgongoni na kumpakata. Akavua kitambaa kichwani, akanyoosha shingo, akamwelekezea ndugu yake uso mzima kwenye mwanga wa asubuhi.

"Nitazame kwanza," akasema. "Halafu ndiyo uchore."

Silvère akapiga magoti. Alimtazama dada yake kwa muda mrefu, kuanzia paji la uso, akishuka, bila kukwepa popote, na macho yalipomjaa maji akayafuta kwa kiwiko akaendelea kutazama. Kisha akachovya brashi, akaanza na pua.